Dakika Tano za Kila Jumatatu

Wifi yangu hajui neno "labda". Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifia, maana kuishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo ni kazi ya kulipwa mshahara. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu inanyesha au hainyeshi, na mvua ikimwumbua atasema mvua ndiyo iliyokosea. Kaka yangu, mume wake, ni mshona viatu, mpole mpaka unajiuliza kama huwa anaiomba ngozi radhi kabla ya kuichoma sindano. Siku alipomleta huyu mwanamke nyumbani kumtambulisha, mama yetu alimtazama kucha, akazitazama tena, akauliza, "Mwanangu, umetoka kuchimba nini?"

"Injini, mama," akajibu. "Nimeiacha wazi. Nikimaliza chai narudi."

Akamaliza chai, akashukuru, akarudi kwenye injini yake. Mama akamalizia kikombe chake, kisha akamgeukia kaka. "Huyo muoe haraka, kabla hajampata mwenye akili." Tulicheka wote isipokuwa kaka, ambaye alikuwa ameshaamua.

Baba yake wifi alikuwa na gereji ya mabati na mabinti watano. Wanne walisoma wakapata kazi za kukaa kwenye viti. Huyu wa tano aliingia chini ya gari akiwa darasa la tatu, kuutafuta mpira wake, akakuta huko chini kuna mambo, hakutoka tena. Baba mtu alimfundisha kitu ambacho mafundi wengi hawana subira nacho, nacho ni kusikiliza. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini unauweka sikioni. Sauti inapanda ndani ya chuma mpaka kwako, unasikia kipi kinagonga, kipi kimekauka na kipi kinapiga kelele bure. Mafundi wanaume walimcheka wakamwita Bisibisi. Baada ya miaka michache walewale wakawa wanamletea magari yaliyowashinda, kwa mlango wa nyuma, wateja wakishaondoka. Kicheko kiliisha lakini jina likabaki, na yeye akalipenda.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote, jina. Hakuwa na gereji, maana ya baba yake ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Hakuwa na cheti. Alikuwa na masikio, na watu waliokuwa wakiambizana mjini, "Mpelekee Bisibisi, yule hadanganyi."

Neno hilo lilimfikia Staa. Huyo sina haja ya kumweleza sana. Ni mwimbaji ambaye hata mtoto anayejifunza kutambaa hutikisa kiuno akisikia sauti yake. Wenzake wakifanikiwa hununua viwanja. Yeye alinunua magari ya kale. Nyuma ya nyumba yake alijenga ukumbi wa kuyalaza, sakafu ya vigae vyeupe, taa zimefichwa darini, kiyoyozi usiku na mchana. Magari kumi na tisa yalilala humo kwa raha ambayo mimi sijawahi kuilala. Wifi aliajiriwa kuyatunza, na hakukaa hata mwezi kabla ya kuniombea kazi na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeachwa na mume, nina watoto wawili, nasafisha ngazi za ofisi za watu. Nikapewa ndoo, vitambaa na nta. Kazi yangu ilikuwa kupangusa.

Tuliyapa magari majina yetu wenyewe, maana yale ya vitabuni yalikuwa marefu. Lile jeupe refu tuliliita Bwana Harusi. Lile la kijani lililotoa macho lilikuwa Chura. Na lile kubwa kuliko yote kwa heshima, jeusi, la mwaka thelathini na nane, lenye viti vya ngozi nyekundu iliyopasuka pasuka, tulimwita Bibi. Bibi aliwahi kuwa gari la bondia mmoja bingwa ambaye wazee bado wanamtaja, na kwenye mlango wa kulia kuna mbonyeo ambao inasemekana ni ngumi yake siku aliyoshindwa. Staa aliagiza mbonyeo ule usinyooshwe. Nilimpenda kwa hilo, sikatai.

Miaka minne ya kwanza ilikuwa mizuri. Kila gari lilikuwa na siku yake. Asubuhi wifi analitoa getini, mimi nimekaa pembeni na kitambaa changu mapajani, tunapanda mlima mpaka mzunguko wa barabara, tunashuka, tunapanda tena, mpaka mshale wa joto usimame katikati na ubaki hapo. Watu kituoni walitupungia mikono. Mzee mmoja muuza magazeti alikuwa akipiga saluti Bibi anapopita. Tukirudi, wifi anaandika kwenye daftari gari lipi limetoka, limekwenda kilomita ngapi, limesema nini njiani. Ndivyo alivyoandika, "limesema". Chura amesema breki ya nyuma inamwuma.

Kisha akaja Meneja.

Meneja alikuwa mtu nadhifu, ananukia kabla hujamwona, na alikuwa amesoma mambo ya kutunza vitu vya thamani. Alitembea ukumbini amevaa glavu nyeupe, akasoma mita za kilomita za magari yote, akazilinganisha na za mwaka uliopita, akashika kichwa.

"Nani ameruhusu magari haya kutembea?"

"Magari?" wifi akauliza. "Kutembea?"

"Mama, kila kilomita inayoongezeka hapa inapunguza thamani. Haya si magari ya kwendea sokoni. Kuanzia leo hakuna linalotoka getini. Jumatatu kila moja litawashwa dakika tano, lizimwe, fundi asaini fomu. Basi."

"Dakika tano hapana."

Nilikuwa nyuma ya Bwana Harusi nikipangusa tairi, nikajikausha.

"Hapana vipi?"

"Injini baridi ukiiwasha inatoa jasho ndani," wifi akamwambia. "Maji. Ikitembea mpaka ikapata moto, yale maji yanakauka. Ukiizima baada ya dakika tano, yanabaki, yanashuka kwenye oili. Jumatatu ijayo unaongeza mengine. Ni kama kuanua nguo mbichi ukazikunja kabatini, halafu kila wiki unazimwagia kikombe cha maji. Chagua moja. Yatembee mpaka yapate moto, au tumwage oili yote, tuyafunike, yasiguswe. Hilo la katikati ndilo linaloua."

"Mimi nimesoma kwamba—"

"Na mimi nimesikia. Kwa sikio hili."

Mambo ya kubishana na msomi mbele ya mtu wa kupangusa hayaishi vizuri. Meneja alimpa fomu mpya palepale, yenye mstari wa chini ulioandikwa *Saini ya fundi*. Wifi aliisoma yote, akairudisha. Hakutukana, hakupaza sauti. Alisema hawezi kuweka jina lake chini ya kitu kinachoua gari, na kwamba kama Meneja anataka kumfukuza, geti analijua.

Sasa hapa nitajisema na mimi, kwa sababu nikisubiri mtu mwingine aniseme atanipunguzia. Jioni ile nilimshauri ujanja. Nilimwambia, "Wifi, si kuna ule waya unaozungusha mita? Uchomoe, tuyatoe alfajiri yeye hajaja, kilomita zisisomeke. Nani atajua?" Aliacha kukatakata vitunguu akanitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye sukari.

"Gari lidanganye kwa sababu yangu?" akasema. "Nikitaka kulitoa nitalitoa mchana, na mita inasoma. Mimi simwibii mtu kilomita."

Na kweli, Jumatano iliyofuata alimtoa Bibi saa nne za asubuhi, mbele ya Meneja, akapanda mlima, akarudi, akaandika daftarini kilomita kumi na moja kwa wino mwekundu. Mzee wa magazeti alipiga saluti yake. Nadhani hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya Bibi akiwa mzima.

Meneja hakumfukuza. Alimpigia simu Staa aliyekuwa safarini, na Staa, anayechukia ugomvi kama paka anavyochukia maji, akasema fundi abaki lakini Meneja asikilizwe. Kwa hiyo wifi akabakishiwa matairi na betri, na akakatazwa kugusa injini. Na funguo zote kumi na tisa, pamoja na fomu za Jumatatu, Meneja akaziweka mkononi mwangu.

"Kuwasha tu," akaniambia. "Hata mtoto anaweza. Unawasha, unahesabu dakika tano, unazima, unasaini hapa."

"Hapa pameandikwa fundi."

"Ni mstari tu, mama. Au kazi huitaki?"

Kazi niliitaka. Watoto wangu wawili walikuwa sekondari na sikuwa na kaka mwingine wa kunilisha. Nikasaini. Saini yangu ni mkunjo mmoja na mkia, hausomeki. Hata walimu wa wanangu huuliza ni ya nani. Nikasaini Jumatatu ile na Jumatatu iliyofuata, na nyingine baada ya hizo, nikazoea. Binadamu huzoea. Baada ya mwezi nilikuwa nawasha Bwana Harusi huku nakula andazi.

Nyumbani tulikula sahani moja na huyo ambaye nilikuwa nimekalia kiti chake. Kila Jumatatu aliniuliza.

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Ngapi?"

"Tano."

"Haya," anasema, anaendelea kula.  Laiti angenitukana ningejua nijibu nini. Kaka alitutazama sisi wawili, akainama kwenye sahani yake kama anaishona.

Nilimuuliza siku moja kwa nini haachi kazi, mtu mwenye jina kama lake abaki kujaza upepo matairi ya magari yanayokufa. Akaniambia mgonjwa hakimbiwi. Alisema iko siku watazinduka, na siku hiyo awepo mtu wa karibu anayejua la kufanya.

Na dalili nilizioneshwa, siwezi kusema sikuziona. Kama mwezi wa saba hivi, nilifungua kifuniko cha oili cha Bibi ili nisafishe pembezoni mwake, nikakuta ute mweupe, mzito, kama povu la sabuni lililolala. Nilijua si kitu cha kawaida. Mtu mwenye akili angemwita fundi aliyekuwa hatua kumi pale, anapima betri. Mimi nilichukua kitambaa nikaupangusa. Jumatatu iliyofuata nikaukuta umerudi, nikaupangusa tena. Nilivisafisha vifuniko kumi na tisa kila wiki mpaka vikang'aa, na Meneja akanisifu. Nafikiri hakuna mtu duniani angefanya kosa lile isipokuwa mtu aliyelipwa kupangusa.

Mwaka mmoja na miezi miwili ikapita hivyo.

Kisha Staa akatangaza kwamba watu wa televisheni wanakuja. Watamrekodi akimwendesha Bibi kutoka ukumbini, kupita bustanini, kutoka getini hadi barabarani, akisimulia habari za yule bondia. Nyumba nzima ikapakwa rangi. Tuliambiwa tuvae nguo nzuri, na wifi, ambaye miaka yote nilimwona kwa ovaroli, alikuja na gauni lake jeupe la maua ya bluu alilovaa siku ya mahafali ya mtoto wake mkubwa.

Asubuhi ile alikwenda kwa Meneja mbele yetu sote. "Bibi asiwashwe kabla sijamwaga oili yake," akasema. "Nusu saa inatosha. Sitaki chochote kingine. Nusu saa tu."

"Kamera ziko mlangoni, mama."

"Zitasubiri. Pampu inanyonya kutoka chini, na chini humo kuna maji. Akipandishwa pale kwenye mwinuko wa geti, vyuma vitasagana."

"Amewashwa kila wiki. Fomu ninazo."

Alipotaja fomu, wifi hakunitazama. Ndipo nilipojua kwamba anajua ni nani aliyezisaini. Nilitamani ardhi inimeze, nayo ilikataa, ikaniacha nimesimama na kitambaa changu kipya cha njano.

Staa akatoka, suti nyeupe, kofia, tabasamu lile la kwenye mabango. Akaingia, akawasha, Bibi akaitika. Watu wakapiga makofi. Akapita kwenye maua polepole, akipungia kamera mkono, mimi nikaanza kupumua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilikuwa na urefu wa kutoka ukumbini mpaka getini. Alipoanza kuupanda ule mwinuko wa mwisho nilisikia chuma kikigonga mara moja, halafu ya pili na ya tatu zikafuatana, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na sikuhitaji bisibisi wala sikio la mtu yeyote. Bibi akatetemeka, akazima katikati ya geti, pua nje, mkia ndani.

 Kamera hazikuzimwa. Nje ya geti watu walikuwa wameshajaa, na mmoja wao akacheka.

Meneja akawahi kuongea, na hapo ndipo alipokosea. Angenyamaza huenda mambo yangeishia ndani. Lakini alizigeukia kamera, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya kusikitika, "Inasikitisha. Tulimwamini fundi wetu. Kila wiki anasaini kwamba amelikagua gari, na leo tunaona matokeo ya uzembe." Akamwonesha kwa kidole. "Ni yule mama pale."

Nilimwona wifi akipokea neno lile "uzembe" kama mtu aliyemwagiwa maji machafu mbele ya wakwe. Kila gereji ya mji huu ingeiona picha hiyo kabla ya jua kuzama. Bisibisi kaua gari la bondia. Nani angempa tena hata baiskeli?

 Alikwenda stoo akarudi na beseni na spana moja. Akalala chali juu ya mawe ya njia, na gauni lake lile jeupe, akajisukuma chini ya Bibi mpaka zikabaki nje ndala zake tu. Mpiga picha akapiga magoti, akaingiza kamera chini. Tukasikia nati ikilia, halafu kitu kikaanza kumiminika ndani ya beseni. Kilichotangulia hakikuwa oili. Yalikuwa maji. Maji matupu ya rangi ya kutu, yakatiririka kwa muda ambao niliuona mrefu. Ndipo ikafuata oili yenyewe, nzito, ya rangi ya chai ya maziwa.

Akatoka na beseni akaliweka miguuni pa Staa. Gauni lilikuwa limekwisha.

"Haya ndiyo niliyoyakataa mwaka jana," akasema. "Injini iliyowashwa dakika tano na kuzimwa, wiki baada ya wiki, hutoa hivi. Nilimwambia huyu bwana kwa mdomo wangu, akasema amesoma."

"Saini zipo!" Meneja akafungua faili. "Wiki sitini na moja. Saini ya fundi, saini ya fundi, saini ya fundi. Fundi wetu ni mmoja tu hapa."

Wifi akaitazama karatasi. Mkunjo ule na mkia ule anaujua kuliko mtu yeyote. Mara ngapi amenishikia fomu za shule za wanangu nikisaini mezani kwake? Angeweza kutaja jina langu, jambo likaisha. Kamera ilikuwa imemkalia usoni.

"Si yangu," akasema.

"Ya nani basi?"

"Nimesema si yangu. Ya nani, atasema mwenyewe."

 Huyo ndiye wifi yangu. Alikuwa tayari jina lake lizame kwenye uongo ule, kuliko kumtaja mtu wa sahani moja naye. Na nilimkasirikia, wallahi, nilimkasirikia kwa kuniachia mzigo ule katikati ya geti, watu wote wanatazama, mimi na kitambaa changu cha njano. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, msiniulize kwa muda gani. Niliwafikiria watoto. Kisha nikaona mguu wa Staa ukilisukuma lile beseni kidogo pembeni ili viatu vyake visichafuke, na sijui ni kitu gani kilinipanda.

"Ni yangu," nikasema.

Hawakunisikia vizuri, nikalazimika kurudia kwa kelele. "Saini ni yangu! Zote sitini na moja! Mimi si fundi, mimi napangusa. Huyu Meneja alinipa funguo akaniambia nisaini kwa sababu fundi alikataa. Na povu nililiona kwenye kifuniko, nikalifuta kwa kitambaa, kila wiki, na yeye akanisifu kwa kung'arisha!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaoga mpaka mwisho. Nikasema habari za ile Jumatano ya wino mwekundu, nikasema daftari liko wapi. Mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kuniunga mkono katika jambo lolote, hata salamu, akasema kwa sauti, "Ni kweli. Nilikuwepo."

Meneja akafunga faili. Staa akavua kofia. Kwa hilo pia nitamtendea haki: hakumtetea. Alimwambia aingie ndani akamsubiri, kwa sauti ambayo haimo kwenye nyimbo zake. Kisha akamgeukia wifi na lile tabasamu likarudi.

"Mama, mimi na wewe hatugombani. Nimeona, na watu wote wameona. Ukaguzi wako umerudi, boneti zote zako, yule atakuomba radhi. Bibi utamtengeneza wewe. Sawa?"

"Na yatatembea?"

Staa akajikuna shingo. "Hilo... unajua, hilo la kilomita lina ukweli wake. Tutalizungumza. Kwa sasa yakae ndani. Tuseme dakika kumi badala ya tano."

Watu wa nje ya geti walikuwa wakisikiliza. Najua watu wengi ambao wangesema ndiyo pale. Nilikuwa mmoja wao, wiki sitini na moja.

"Magari ni yako," wifi akasema. "Ukitaka yalale, mwaga oili, yafunike, yaache yawe makabati. Hakuna ubaya, weka hata sahani ndani. Lakini mimi ni fundi wa magari. Kwa makabati tafuta seremala."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Nyimbo zako naziimba jikoni, muulize huyu. Lakini hapa hatuimbi."

Akafunga ile nati ya Bibi kwanza, sawasawa, akaikaza. Akafuta spana kwa pindo la gauni lililokwisha kuharibika, akampa mlinzi airudishe stoo. Kisha akapita ubavuni mwa Bibi, maana geti lilikuwa limezibwa, akatoka. Watu wakampisha njia. Mzee wa magazeti alikuwa kati yao, akapiga saluti, na safari hii hapakuwa na gari.

Staa akanitazama. "Wewe baki," akasema. "Umesema ukweli. Watu wa kweli nawahitaji."

Nikamwekea kile kitambaa cha njano juu ya boneti ya Bibi, nikapita kwenye upenyo uleule.

Wifi alikuwa mbali kidogo, anatembea haraka, mgongo wote wa gauni mweusi. Nilimkimbilia mpaka nikamfikia kwenye kituo.

"Unanifuata kwa nini?"

"Nakwenda nyumbani. Si kwetu sote?"

"Usidhani kwa kuwa umesema mbele ya kamera nimekusamehe. Nilikungoja wiki sitini na moja. Kila Jumatatu nakuuliza, kila Jumatatu unaniambia tano, unachota mboga."

"Ungeniambia niache!"

"Wewe ni mtoto mdogo? Nilikuwa nangoja uache mwenyewe!"

Tuligombana kutoka kituoni hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi kwenye daraja, kwa sauti, watu wanageuka. Nilimwambia ana kiburi. Akaniambia mimi ni mwoga. Yote mawili yalikuwa kweli kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenzake. Nilimwuliza tutakula nini sasa, wote wawili hatuna kazi, akasema kuna kiwanja nyuma ya banda la viatu la kaka kinachotosha magari mawili, matatu yakibanana. Nikamwambia kwa gereji ya namna hiyo hakuna atakayekuja. Akasema watakuja. Hakusema labda.

Karibu na nyumbani alisimama, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nilikuwa bado nimevaa blauzi yangu ya kamera, imepigwa pasi.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Nitakufundisha kumwaga oili. Uje na nguo chafu."

Nikamwambia mimi sina nguo chafu, nguo zangu zote ni safi.

"Zitachafuka," akasema, akaingia ndani.